Kitufe kisicho na jina humkwamisha asiyeona

Simu nyingi za Android zina TalkBack, na iPhone zina VoiceOver. Hizi ni programu zinazosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini: mtu asiyeona anapitisha kidole, simu inamtajia kila anachogusa.

Shida inaanza pale kitufe cha kulipia kimewekwa alama tu, bila jina. Simu inasema "kitufe", basi. Ni cha kulipa au cha kufuta? Hajui, na pesa ni zake.

Dawa yake wala si ghali. Mtengenezaji wa tovuti anaandika maneno mawili matatu kwenye msimbo wa ukurasa. Macho hayayaoni, lakini programu inayasoma. Picha nazo ni hivyo hivyo.

Mwongozo unaotumika zaidi duniani ni WCAG wa shirika la W3C, uliotoka mara ya kwanza 1999. Toleo la 2.2 ni la Oktoba 2023. Kwa kiwango chake cha AA, maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambacho wabunifu wanakipenda mno, mara nyingi hakifiki hapo. Juani, hata mwenye macho mazima hasomi kitu.