Una siku moja tu Tokyo? Hizi hapa sehemu za kwenda na makosa ya kuepuka

Tokyo ni jiji kubwa mno: ukikosea njia ya kutokea kituoni, unaweza kupoteza hata saa nzima. Kituo cha Shinjuku peke yake kina njia za kutokea zaidi ya 200. Kama una siku moja tu, panga hivi.

Usafiri kwanza
Nunua kadi ya Suica au Pasmo, weka pesa, kisha gusa getini. Pia unaweza kuitumia kununua maji dukani. Treni ya Yamanote, yenye mstari wa kijani, inazunguka katikati ya jiji kupitia vituo 30 kwa takriban saa moja.

Asubuhi: Asakusa
Anza na Senso-ji, hekalu kongwe zaidi Tokyo. Kuingia ni bure. Wahi mapema, kabla mtaa wa maduka wa Nakamise haujafurika watu. Ukiwa Ueno, panda treni ya chini ya ardhi ya Ginza.

Mchana: Tsukiji
Mnada wa samaki ulihamia Toyosu mwaka 2018, lakini vibanda vya chakula vya nje bado vipo. Usichelewe, maana vingi hufunga mapema mchana. Ukinunua, kula palepale kibandani. Kula huku unatembea hakupendezi.

Alasiri: Harajuku na Shibuya
Tembea ndani ya msitu wa Meiji Jingu, madhabahu ya Kishinto iliyofunguliwa mwaka 1920. Kisha nenda Shibuya uone sanamu ya mbwa Hachiko na kivuko maarufu ambapo watu huvuka kutoka pande zote kwa wakati mmoja.

Jioni: Shinjuku
Tokyo Skytree ina urefu wa mita 634, lakini kupanda ni kwa kulipia. Mfuko ukibana, nenda jengo la serikali ya jiji: ghorofa ya 45, mita 202 juu, bila kulipa hata yeni moja.

Makosa ya kuepuka
- Kukosa treni ya mwisho. Nyingi huisha kati ya saa sita na saa saba usiku, na hurudi karibu saa kumi na moja alfajiri. Teksi usiku huongeza nauli.
- Kuongea na simu ndani ya treni.
- Kuacha tipu. Mhudumu anaweza kukukimbilia akurudishie chenji yako!
- Kutafuta pipa la taka mtaani. Ni machache sana, beba mfuko wako.

Ukipotea, tafuta koban, kituo kidogo cha polisi. Kuelekeza watu njia ni sehemu ya kazi yao.

Je, wajua?
Ni Tokyo, mwaka 1964, ambako Wilson Kiprugut aliipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki: shaba ya mita 800. Uwanja wa Taifa wa sasa umejengwa palepale.