Ng'ombe wa Miguu Mitano

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wiki hii nauliza: je, na akikunjwa vibaya?

Nilisoma shule ya msingi kule Chala, Wilaya ya Nkasi, kwenye nyanda za juu za Ufipa. Tukiwa malishoni tulichora vumbini kwa vijiti. Tulichora ng'ombe, mikokoteni, na malungu, yaani zile tanuru ndefu za udongo ambamo mababu zetu Wafipa waliyeyushia chuma. Hakuna aliyetufundisha.

Darasani mambo yalikuwa mengine. Mwalimu alichora chungwa ubaoni, nasi tukalinakili. Siku moja nilichora ng'ombe katika daftari la hesabu. Nilitaka aonekane anatembea, nikampa miguu mitano. Mwalimu aliliinua daftari, darasa zima likaangua kicheko, nami nikala viboko viwili. Tangu siku hiyo niliacha kuchora.

Hebu tuitazame historia. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha uchoraji barazani kwake mjini Kampala. Darasa hilo ndilo lililozaa shule ya sanaa ya Makerere. Badala ya kuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili, aliwasimulia tukio, mathalani la sokoni, wakaliona kwanza akilini, ndipo wakashika brashi. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London.

Sisemi kwamba hakuwa na kasoro. Alikuwa mtu wa zama za ukoloni, na mara nyingine alijiamulia mwenyewe sanaa ya Mwafrika iweje. Lakini matunda tuliyaona. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere na kuchora maisha ya kijijini kwao, kisha akawa balozi wa Tanganyika huru nchini Uingereza. Elimo Njau wa Marangu, naye wa Makerere, alichora katika kanisa la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu yakiwa katika mandhari ya Wakikuyu. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, ambako aliwaonya wasanii dhidi ya kunakili.

Sasa nirudi nyumbani kwangu. Juzijuzi binti yangu wa miaka sita aliniletea picha ya ng'ombe. Pembe zilitoka masikioni. Nikashika kalamu nimsahihishe. Nikakumbuka Chala, nikaiweka chini.

Nikamwuliza, "Huyu anakwenda wapi?"

"Anakwenda kunywa maji, baba."

"Maji yako wapi?"

Akakimbia, akarudi na mto. Nikauliza nani anamchunga. Akarudi na mchungaji mwenye fimbo. Kesho yake nikampeleka kwa jirani anayefuga. Akamtazama ng'ombe kwa muda mrefu, na jioni ile pembe zikahamia mahali pake bila mimi kusema neno.

Wazazi wenzangu na walimu, hatuhitaji rangi za bei mbaya. Karatasi iliyotumika upande mmoja yatosha, na kipande cha mkaa, na udongo wa mfinyanzi. Mpe mtoto nafasi, mwulize alichokiona, mpeleke akitazame tena. Usimshike mkono, wala usimcheke mbele za watu.

Samaki mkunje angali mbichi, ndugu zangu, ila usimvunje.