Kabla ya Paa la Kuficha: Programu ya Kuchora Nyumba Ilivyofika Kahama na Geita

Ukipita steshenari za Kahama au Geita mjini huwezi kukosa picha zile mlangoni: nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta, paa la kuficha, gari kali limepaki mbele. Nyumba yenyewe bado haipo duniani. Ipo kwenye kompyuta ya kijana aliyekaa humo ndani, feni ikimpuliza. Na programu anayoitumia ina historia ambayo watu wa dhahabu wataielewa fasta.

ArchiCAD haikuzaliwa Marekani kama wengi wanavyodhani. Ilizaliwa Budapest, Hungaria, kwenye kampuni ya Graphisoft iliyoanzishwa mwaka 1982. Mwanzilishi wake alikuwa mwanafizikia kutoka taasisi ya jiofizikia, yaani fani ileile ya jamaa wanaopima kilichopo chini ya ardhi kabla drili haijashuka. Kazi iliyowatoa ilikuwa kuchora kwa kompyuta mabomba ya kituo cha umeme wa nyuklia cha Paks. Hungaria ilikuwa bado chini ya Wakomunisti, na nchi za Magharibi zilikuwa zimeweka vikwazo vya kuuza kompyuta upande ule. Jamaa wakakomaa hivyohivyo, na mwaka 1987 ArchiCAD ikatoka.

Wazo lao lilikuwa jepesi kulielezea: usichore mistari, jenga nyumba ndani ya kompyuta. Ukuta unajua urefu wake, unene wake na kimo chake. Ukilisogeza dirisha kwenye ramani, linasogea pia kwenye picha ya mbele na kwenye hesabu.

Kanda ya Ziwa wakati huo, mteja wa kawaida alichorewa na fundi mwashi, tena chini, kwa kijiti. Hapa sebule, hapa jiko, choo utaona mwenyewe. Mvua ikinyesha ramani imeondoka.

Halafu hela ikaja. Mgodi wa Geita, uliokuwepo tangu enzi za Mwingereza na kufungwa miaka ya 1960, ulifunguliwa upya mwaka 2000. Bulyanhulu ukafuata 2001, na Buzwagi, jirani kabisa na mji wa Kahama, ukaanza 2009. Waliopata ajira wakataka nyumba, waliotoboa kwenye maduara wakataka nyumba kubwa zaidi. Geita ikawa mkoa mwaka 2012, viwanja vikapimwa, na halmashauri haitoi kibali cha ujenzi kwa ramani ya mchangani.

Bahati nzuri mlango mwingine ulikuwa umefunguka. Google iliinunua SketchUp mwaka 2006 na kutoa toleo la bure. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa Seacom ukafika Dar, na baada ya muda bando likawa la kumudu. Vijana ambao hawakuwahi kukanyaga Chuo Kikuu Ardhi wakaanza kujifunza YouTube usiku, na programu zikasafiri kwenye fleshi kutoka mkono hadi mkono.

Hapo ndipo walipogawanyika, na kiukweli wengi walikwama kwenye urembo. Picha inang'aa, bustani safi, lakini ngazi haipandiki na mlango wa choo unagonga sinki. Mbaya zaidi, picha haijui udongo. Sehemu nyingi za Shinyanga zina udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nyumba inayosimama vizuri kwenye mawe ya Geita inaweza kupasuka kuta ikipelekwa huko na msingi uleule.

Waliotoboa walianza na vitu vya nyumbani. Mtu anachukua futi kamba, anapima chumba alichopanga, anakijenga kwenye programu mpaka vipimo vikubaliane na ukuta halisi. Kesho anajenga duka la jirani. Halafu anajifunza kuhesabu. Tofali la bloku la sentimita 45 kwa 22.5 linaenda kama 10 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo ukuta wa mita 4 kwa 3 unakula kama 120. Weka mlango, na programu inapunguza yenyewe. Kwa mtu anayejenga kwa mshahara wa mwezi mmoja mmoja, hesabu hiyo ina maana kuliko gari la kwenye picha.

Kilichobaki ni mhuri. Sheria ya mwaka 1997 ndiyo iliyoleta Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na kujiita mbunifu majengo bila usajili ni kosa. Ndiyo maana kijana wa steshenari anayejielewa huchora, halafu anatafuta mbunifu aliyesajiliwa wa kuikagua na kuisaini. Wengine wanaruka hatua hiyo, mteja anakuja kujua siku kibali kimegoma, na msingi umeshachimbwa.