Tiba shufaa kwa wagonjwa wa saratani, Kitale na Bungoma

Tiba shufaa hutuliza maumivu na dhiki za mgonjwa wa saratani, na huwategemeza jamaa wanaomuuguza. Kitale na Bungoma inafaa ianze pale ugonjwa unapotambuliwa, isingoje siku za mwisho. Saratani ya umio, iliyo tele magharibi mwa Kenya, mara nyingi hugunduliwa mgonjwa akiwa tayari hawezi kumeza ugali. Na kutoka Kitale hadi hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, ni takribani kilomita 70, safari ya mateso kwa mwenye maumivu. Wapo wanaoiona tiba hii kuwa kukata tamaa. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2010 unawapinga: wagonjwa wa saratani ya mapafu walioipata mapema, pamoja na matibabu ya kawaida, waliishi takribani miezi 11.6, wenzao 8.9. Hofu ya uraibu wa mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, nayo ina msingi inapotumiwa kiholela, lakini dozi ikipimwa na kufuatiliwa hatari hiyo ni ndogo. Uganda, jirani wa Bungoma, iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuwaandikia wagonjwa mofini tangu 2004. Utaratibu huo ungemfaa sana mkulima wa Chwele au Cherangani, ambaye zahanati iko karibu naye kuliko daktari bingwa.