Wabunge Waliopiga Kura Juu ya Viti Vyao

Siku moja tulipokuwa tukisoma habari za Bunge darasani, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, ikiwa sheria ya uchaguzi hutungwa na wale wale waliochaguliwa kwa sheria iliyotangulia, ni nani miongoni mwao atakayekubali kuibadili?" Swali hilo lilikuwa la haki. Wahenga walilijua zamani waliposema kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sikumjibu siku ile, maana jawabu lake si la maneno mawili. Nilimwambia angoje nimsimulie mambo yaliyotukia Uingereza katika miaka ya 1831 na 1832, wakati wenye enzi ya kutunga sheria walipotakiwa kupiga kura juu ya viti walivyokalia wao wenyewe. Makala haya ndiyo masimulizi hayo.

Bunge la Uingereza lina mabaraza mawili. Moja ni Baraza la Malodi, ambalo wakati ule lilikuwa la makabaila wakubwa, wengi wao wakirithi viti kwa baba zao, pamoja na maaskofu wa kanisa la taifa. La pili ni Baraza la Makabwela, ambalo wajumbe wake huchaguliwa. Wakati ule mswada haukuwa sheria mpaka ukubaliwe na mabaraza yote mawili, kisha na mfalme. Mwaka 1831 Baraza la Makabwela lilikuwa na wajumbe 658. Walakini mtu aliyetaka kujua namna walivyochaguliwa alikuta mambo ya ajabu.

Wafalme wa kale walikuwa wameipa miji fulani haki ya kupeleka wajumbe wawili wawili Bungeni. Karne zikapita, miji mingine ikafa, lakini haki yake haikufa pamoja nayo. Old Sarum, karibu na Salisbury, palikuwa kilima kitupu kilichoota majani, wala hapakuwa na mkazi. Hata hivyo palikuwa na wajumbe wawili. Dunwich ulikuwa mji wa pwani, na sehemu yake kubwa ilikuwa imeliwa na bahari. Nao ulikuwa na wajumbe wawili. Wakati huo huo Manchester, mji wa viwanda wenye watu zaidi ya laki moja, haukuwa na mjumbe hata mmoja wa kwake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Birmingham, Leeds na Sheffield.

Kura nayo haikuwa ya siri. Mpiga kura alisimama mbele za watu akataja kwa sauti jina la anayemtaka, naye mwenye ardhi anayempangisha nyumba yu papo hapo akisikia. Kwa hiyo kabaila aliyemiliki ardhi ya mji mdogo aliumiliki pia uchaguzi wake. Alimweka mwanawe au rafiki yake katika kiti, au alikiuza kiti hicho kwa fedha kama mtu auzavyo shamba. Wabunge wengi walioingia Westminster waliingia kwa mlango huo.

Malalamiko yalikuwapo kwa muda mrefu. Mwaka 1793 kijana mmoja wa Bunge, Charles Grey, alileta hoja ya kutaka uchaguzi urekebishwe. Akashindwa kwa kura 282 dhidi ya 41. Mwezi wa Agosti mwaka 1819 maelfu ya watu walikusanyika katika uwanja wa Mtakatifu Petro mjini Manchester, wakidai wawakilishwe. Askari wa farasi wakawaingilia kwa panga. Zaidi ya watu 10 wakauawa na mamia wakajeruhiwa. Bunge halikubadili neno. Mwezi wa Novemba mwaka 1830 Waziri Mkuu, Mtawala wa Wellington, yule jemadari aliyemshinda Napoleon, alisema mbele ya malodi kwamba utaratibu uliokuwapo ulikuwa mwema kiasi cha kutohitaji kuguswa. Haukupita mwezi serikali yake ikaanguka. Mfalme William wa Nne akamwita Charles Grey, ambaye sasa alikuwa lodi na mtu mzima wa miaka 66, aunde serikali.

Tarehe 1 Machi 1831, Lodi John Russell alisimama katika Baraza la Makabwela kuusoma mswada wa serikali. Naye pia alikuwa mwana wa kabaila mkubwa. Alipoanza kutaja miji ambayo ingenyang'anywa wajumbe wake, wapinzani waliangua kicheko, maana hawakuamini masikio yao. Miji 60 ilikuwa ipoteze wajumbe wote, na miji 47 ipoteze mjumbe mmoja mmoja. Watu waliokuwa wakisikiliza walikuwa ndio wajumbe wenyewe wa miji ile. Kila aliyesikia jina la mji wake alikuwa akisomewa hukumu.

Majadiliano yakaendelea kwa siku nyingi. Waliopinga hawakuwa wajinga wote. Walisema kwamba kwa njia ya miji ile midogo vijana wengi wenye akili wamepata kuingia Bungeni. Kwamba ukiugusa msingi mmoja nyumba nzima hutikisika. Kwamba leo ikitolewa haki hii, kesho itadaiwa nyingine. Waliounga mkono walijibu kwamba nchi imebadilika, na sheria isiyobadilika pamoja na nchi huvunjwa na watu. Walikumbusha yaliyotokea Ufaransa mwaka uliotangulia, ambako mfalme alikuwa ameng'olewa katika kiti chake kwa siku tatu. Thomas Babington Macaulay, mbunge kijana aliyekuwa amepewa kiti chake na kabaila mwenye mji, aliwaonya wenzake kwamba mageuzi yakifanywa kwa wakati wake ndiyo yaiokoayo dola.

Usiku wa tarehe 22 Machi mswada ulipigiwa kura ya kusomwa mara ya pili. Desturi ya siku hizo ilikuwa upande mmoja utoke kwenda ukumbi wa nje, na upande wa pili ubaki barazani uhesabiwe. Wapinzani wakatoka. Waliobaki wakahesabiwa: 302. Wakakaa wakingoja hesabu ya wenzao, kila mmoja akimtazama jirani yake. Saa tisa za usiku ilikuwa inakaribia habari ilipoletwa: wapinzani walikuwa 301. Ukiwahesabu na Spika na wale wanne waliokuwa wakihesabu kura, walikuwapo watu 608, na jambo lote likaamuliwa na mmoja. Miongoni mwa waliobaki barazani alikuwamo John Calcraft, aliyekuwa amewahi kushika cheo katika serikali ya Wellington, na ambaye mji wake wa Wareham ulikuwa mkononi mwa jamaa yake mwenyewe. Laiti angalifuata mlango pamoja na rafiki zake wa zamani, mswada ungalikufa usiku ule.

Walakini ushindi wa kura moja ni kama maji katika kikapu. Mwezi wa Aprili wapinzani walileta badiliko la kuukwaza mswada, wakashinda kwa kura 299 dhidi ya 291. Grey akamwomba mfalme alivunje Bunge, naye akalivunja. Uchaguzi ukafanywa kwa sheria ile ile mbovu; hata hivyo, mahali popote penye wapiga kura wengi kidogo, waliotaka mageuzi walishinda. Mwezi wa Julai mswada mpya ulipita kusomwa mara ya pili kwa kura 367 dhidi ya 231. Wananchi waliposikia wakadhani kazi imekwisha.

Kazi haikuwa imekwisha, kwa sababu lilibaki Baraza la Malodi. Tarehe 8 Oktoba 1831, baada ya kujadiliana usiku kucha, malodi waliukataa mswada kwa kura 199 dhidi ya 158. Katika kura zile 199, kura 21 zilikuwa za maaskofu. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji: kama kura hizo 21 zingalikwenda upande wa pili, mswada ungalipata 179 dhidi ya 178. Wananchi nao waliifanya hesabu hiyo, wakakasirika mno. Ngome ya Nottingham ikateketezwa kwa moto. Huko Bristol ghasia zikadumu siku tatu; nyumba ya askofu ikachomwa, na watu wakapoteza maisha yao.

Serikali ikaleta mswada mara ya tatu. Mwezi wa Aprili mwaka 1832 malodi wakaukubali kusomwa mara ya pili kwa kura 184 dhidi ya 175. Lakini mwezi wa Mei wakageuka, wakapitisha badiliko la kuuchelewesha kwa kura 151 dhidi ya 116. Grey akamwomba mfalme ateue malodi wapya wa kutosha kuushinda upinzani. Mfalme akasita, Grey akajiuzulu. Wellington akajaribu kuunda serikali, akashindwa. Mitaani watu walikataa kulipa kodi, na wengine wakaenda kutoa dhahabu yao katika mabenki ili serikali ikose nguvu. Baada ya siku chache mfalme alimrudisha Grey, akampa ahadi kwamba malodi wapya watateuliwa ikiwa hapana budi.

Hapo ndipo lilipotokea jambo linalostahili kuangaliwa. Malodi wapya hawakuteuliwa. Habari ya ahadi ile ilitosha. Wapinzani waliona kwamba wakiendelea watamezwa na umati wa wageni ndani ya baraza lao. Basi wengi wao wakabaki nyumbani. Tarehe 4 Juni 1832 mswada ukapita kwa kura 106 dhidi ya 22. Wengi wa wapinzani wa Oktoba hawakugeuza nia zao; waliacha tu kuja. Tarehe 7 Juni ukawa sheria.

Je, ulikuwa ushindi wa watu wote? La. Miji 56 ilipoteza wajumbe wake wote, na Manchester, Birmingham, Leeds na Sheffield ikapata wawili wawili. Mijini aliruhusiwa kupiga kura mwanamume mwenye nyumba ya thamani ya pauni 10 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, katika Uingereza na Wales ni mwanamume mmoja tu katika kila watano aliyepata kura. Wafanyakazi walioandamana na kupigwa hawakupata kitu. Wanawake wakazidi kufungiwa mlango, kwa kuwa sheria sasa ilitaja wazi kwamba mpiga kura ni mwanamume. Kura ya siri ilingoja mpaka mwaka 1872. Wanawake walingoja mpaka mwaka 1918, na wakawa sawa na wanaume mwaka 1928. Hata hivyo, waliosema kwamba leo ikitolewa haki hii kesho itadaiwa nyingine walisema kweli, nasi tufurahi kwamba walisema kweli.

Fikira ile ya kupima watu kwa mali kabla ya kuwapa kura ilivuka bahari ikafika kwetu. Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, mwezi wa Machi mwaka 1957, mpiga kura alitakiwa kuonyesha elimu yake, mapato yake, mali yake au utumishi wake, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hata kura tatu, huku jirani yake hana hata moja. Ni mwaka 1963 ndipo kila mtu mzima alipopata kura yake moja.

Sasa narudi kwa mwanafunzi wangu. Nani atakayekubali kuibadili sheria iliyomweka kitini? Hesabu za mwaka 1832 zinatupa majibu matatu. Wapo wachache waliokubali kwa dhamiri, kama Grey, aliyeshindwa kijana akashinda mzee. Wapo wengi waliokubali kwa sababu waliwaogopa wapiga kura au ghasia. Na wapo waliopisha njia kwa kutohudhuria.

Jibu hili la tatu lina upande wa pili, na upande huo tumeuona hapa nyumbani. Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema kwamba wanaume au wanawake wasizidi theluthi mbili katika baraza lolote la kuchaguliwa. Mswada wa kulitimiza neno hilo ulipoletwa tena katika Bunge la Taifa mwezi wa Februari mwaka 2019, zilihitajika kura 233 kati ya wajumbe 349. Waliokuwamo barazani hawakutimia idadi hiyo, basi kura haikupigwa kabisa. Sisemi hapa kama njia iliyopendekezwa katika mswada ule ilikuwa njema au mbaya. Wapo walioipinga kwa hoja ya gharama, na hoja hujibiwa kwa hoja. Nasema kwamba asiyekuja hakuipinga kwa hoja wala hakuiunga mkono. Malodi walipobaki nyumbani, mswada ulipita; wajumbe wetu walipobaki nje, mswada ulianguka.

Wahenga wasema asiyekuwapo na lake halipo. Katika Bunge methali hiyo haina nguvu, kwa kuwa kiti kitupu nacho huhesabiwa. Kwa hiyo, ninyi mtakaokuwa wapiga kura karibuni, msisome tu majina ya waliosema ndiyo na waliosema la. Ulizeni pia ni nani hakuwapo, na siku hiyo alikuwa wapi.