Jicho Moja au Mawili? Jitu la Sindbad na Polyphemus

Aghalabu wahakiki wa fasihi linganishi huliona jitu la safari ya tatu ya Sindbad kuwa ni Polyphemus aliyevikwa kilemba. Ithibati inayotangulizwa ni jicho moja lililo katikati ya paji la uso. Dai hili linafaa kuchunguzwa katika matini zenyewe, kwani juu yake hujengwa hoja kwamba Waarabu walikikopa kisa hiki kwa Wayunani.

Katika kitabu cha tisa cha Odyssey, Homer hasemi popote waziwazi kwamba Polyphemus ana jicho moja tu. Sisi ndio tunaohitimisha hivyo, kwa kuwa kigingi kimoja cha mzeituni kinatosha kumpofusha. (Wala hilo si chongo, kwani mwenye chongo alikuwa na mawili.) Anayelitamka jicho moja ni Hesiod, ila Cyclopes wake ni wahunzi waliomfulia Zeus radi, si wachungaji. Naye mchoraji wa mtungi wa Eleusis, yapata 650 K.K., alimchora Polyphemus kwa upande, na kwa upande kila mtu ana jicho moja!

Upande wa Kiarabu hoja inazidi kuyumba. Katika chapa ya Bulaq ya 1835, na ile ya Calcutta ya 1839–1842, jitu lina macho mawili yawakayo kama moto. Jicho moja limo katika tafsiri ya Kifaransa ya Antoine Galland, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1704. Galland alikuwa amebobea katika Kigiriki na Kilatini, na tafsiri yake ndiyo iliyosomwa Ulaya kwa zaidi ya karne nzima. Anayeegemea jicho, basi, huenda anailinganisha Yunani na Paris.

Hivi si kusema kwamba visa hivi havina udugu. Jitu lilalo mateka wake, kupofushwa lilalapo, mawe yavurumishwayo baharini: yote yamo pande zote mbili. Lakini Sindbad hana hila ya jina wala kondoo wa kutorokea, na silaha yake ni mishikaki ya chuma. Oskar Hackman alipokusanya matoleo zaidi ya 200 ya kisa hiki mwaka 1904, mengi yalitumia mshikaki. Kigingi cha Homer ndicho kilicho kigeni miongoni mwao, na Sindbad yu karibu zaidi na wasimulizi wa mdomo kuliko alivyo karibu na Odyssey.