Andrew Mynarski, askari wa ndege aliyerudi ndani ya moto



Vita ya pili ya dunia (1939–1945) wazee wetu waliijua. Askari wa Force Publique walitoka Kongo wakafika mpaka Abisinia, na mwezi wa saba wa mwaka 1941 jeshi la Waitalia lilijitoa mikononi mwao kule Saïo. Lakini vita ile ilipiganwa vile vile hewani, usiku, na vijana ambao sisi hatuyajui majina yao. Leo tutamkumbuka mmoja wao. Hatumkumbuki ili kusifu vita. Habari yake inatuuliza swali gumu: tendo la upendo lisilofaulu, tena lililotendwa katikati ya kazi ya kuua, lina thamani gani?

1. Kijana mwenyewe

Andrew Mynarski alizaliwa tarehe 14 mwezi wa kumi, 1916, mjini Winnipeg katika Kanada. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Polandi, watu wa mali kidogo. Baba yake alipokufa, Andrew alikuwa kijana wa miaka 16 tu. Akaingia kazi ya kukata ngozi, apate kuwasaidia mama na ndugu zake. Mwaka 1941 aliandikishwa katika jeshi la ndege la Kanada, akafundishwa kazi ya kupiga bombomu ndani ya ndege.

Baadaye alipelekwa Uingereza, kwenye kiwanja cha Middleton St. George, katika kikosi cha 419. Ndege yao ilikuwa ya aina ya Lancaster: mashini nne, watu saba. Mynarski alikaa katika kibanda cha vioo juu ya mgongo wa ndege. Rafiki yake Pat Brophy alikaa peke yake katika kibanda kingine, mkiani kabisa. Brophy alikuwa amemtangulia kwa cheo. Kwa hiyo jioni, wakiagana, Mynarski alikuwa akimtania kwa kumwita bwana mkubwa.

2. Usiku wa tarehe 12 mwezi wa sita, 1944

Juma moja lilikuwa limepita tangu majeshi yaliposhuka Normandie. Ndege zilitumwa kuharibu njia za reli za Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa, ili Wajerumani wasiweze kupeleka askari wapya vitani. Ilikuwa safari ya 13 ya watu wale saba. Kabla ya kuondoka, Mynarski aliona katika majani jani dogo la sehemu nne, ambalo Wazungu hulihesabu kuwa la bahati njema. Akampa Brophy.

Usiku wa manane ulikuwa umepita walipopigwa na ndege ya Wajerumani. Mashini mbili za upande wa kushoto zikazimika, moto ukawaka katika bawa na ndani ya ndege. De Breyne, aliyeiendesha, akaamuru wote waruke. Mynarski alishuka kutoka kibanda chake, akaufikia mlango. Alikuwa na mwavuli wake tayari. Hatua moja tu, naye angekuwa amepona.

Ndipo akageuza macho, akamwona Brophy. Kibanda cha mkiani kiliendeshwa kwa nguvu ya mashini zilizokufa. Kilikuwa kimekwama, na mkono wa kukizungusha ulikuwa umevunjika. Mynarski aliacha mlango, akatambaa kwa mikono na magoti kupita katika mafuta yaliyokuwa yakiwaka. Akapiga kibanda kwa shoka, kikakataa. Akakishika kwa mikono mitupu, kikakataa. Nguo zake zilikuwa zikiwaka toka kiunoni mpaka miguuni. Brophy alimpungia mkono aende zake. Mwishoni Mynarski alirudi kinyumenyume, uso wake ukimwelekea rafiki yake, mpaka mlangoni. Pale akasimama wima, akampigia saluti, akaruka, mwavuli wake ukiwaka.

Wafaransa waliomwona akianguka walimchukua, lakini akafa kwa kuungua. Alikuwa na miaka 27. Na Brophy? Ndege ilipogonga ardhi, kibanda kiling'oka, naye akatupwa nje, mzima. Wote sita waliobaki walipona.

3. Shahidi mmoja

Angalieni jambo hili, ninyi mnaojifunza historia. Katika tendo lile hapakuwa na mtu mwingine wa kuona ila Brophy, yaani yeye aliyepaswa kufa. Aliporudi Uingereza mwezi wa tisa alipata habari kwamba rafiki yake amekufa, na baadaye akaeleza aliyoyaona. Kwa ushuhuda huo, mwezi wa kumi wa mwaka 1946, Mynarski alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Kaburi lake liko Méharicourt, karibu na Amiens.

4. Ugumu wa jambo

Tusifiche upande wa pili. Ndege ile ilibeba mabomu. Vijana wapata 125,000 walisafiri katika jeshi la mabomu la Uingereza, na zaidi ya 55,000 kati yao walikufa. Lakini chini ya mabomu yao, huko Hamburg mwaka 1943 na Dresden mwaka 1945, makumi elfu ya raia waliteketea, wanawake na watoto pia. Hata mabomu ya reli yaliua Wafaransa wengi, mpaka mwezi wa tano wa mwaka 1944 makardinali wa Ufaransa wakawasihi maaskofu wa Uingereza na Marekani waseme neno kwa ajili ya raia. Mwaka 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulihukumu waziwazi maangamizi ya miji mizima.

Basi, tendo la Mynarski halitakasi mabomu, wala mabomu hayafuti tendo lake. Mbele ya mlango ule hakuna aliyemwamuru kurudi. Amri aliyopewa ilikuwa kuruka. Alichagua mwenyewe, kwa ajili ya mtu mmoja. Wala usiseme kwamba alikufa bure kwa kuwa kibanda hakikufunguka. Brophy aliishi mpaka mwaka 1991 akijua kwamba mtu aliungua akijaribu kumtoa. Usiku wa karamu ya mwisho, Bwana wetu alipotaja upendo ulio mkubwa kuliko yote, hakuweka sharti kwamba lazima ufaulu.

5. Neno kwa makatekista

Katika parokia zetu pia wako watu waliokufa wakiwaokoa wenzao, vitani, mtoni, katika nyumba zilizochomwa moto. Wengi wao shahidi wao ni mmoja tu, naye anazeeka. Mwendeeni, mketi naye, mwandike jina la marehemu, mahali na mwaka, pamoja na mambo yale aliyoyaona kwa macho yake. Msiongeze sifa asizozitaja, wala msifiche yasiyopendeza. Halafu mlitaje jina hilo katika Misa ya wafu.